Kilima cha Nabii

Binti, mtaalamu wa mambo ya kale, alikisugua kigae kwa kidole gumba mpaka udongo ukatoka. Shimo lilikuwa limefika mwambani, na kigae hiki cha miaka mia mbili tu ndicho kilichokuwa cha kale kuliko vyote. Mji wa nabii unaotajwa na maandiko haukuwahi kuwa kilimani hapa.

Baba yake, aliyewaongoza mahujaji hapa miaka arobaini, aliinama ukingoni mwa shimo.

“Umeuona mji, mwanangu?”

“Hapakuwa na mji, baba. Labda ulikuwa mbali huko, ng’ambo ya bonde.”

Mzee aliinuka. Kisha akaligeukia kaburi la mkewe, aliyeomba alazwe palipokanyagwa na nabii.

“Sasa mama yako nitamwambia nini?”