Koti la Mwenye Nyumba

"Mbona mwili wake haupigani?" Kitwana alimuuliza daktari, kiganja chake kikiwa juu ya paji la mwanawe lililokuwa likiwaka moto.

"Kijidudu hiki kimejivika sukari inayofanana na ya ubongo wa mtoto, mzee wangu. Walinzi wa mwili wamefunzwa wasiguse kilicho chao. Wakikiona wanadhani ni ndugu yao, wanakipisha."

Kitwana alilitazama koti alilovaa. Mwezi uliopita mwizi alilivaa koti hilo hilo lilipokuwa limeanikwa uani, akaingia ndani, na mbwa wao hakubweka. Koti lilikutwa limetupwa langoni. Kitwana alimpiga mbwa yule rungu mpaka akafa, naye akimtikisia mkia mpaka pigo la mwisho.

"Dawa tumempa. Tusubiri."

Kitwana akalivua koti, akabaki amelishika, asijue pa kuliweka.