Majina Mabaya ya Kasa

Alfajiri, watoto wa kasa walichomoka mchangani, wadogo kama biskuti, wakaanza kujikokota kuelekea baharini. Kunguru walikwisha kujipanga kama wageni wa pilau.

"Katika elfu, labda mmoja ndiye atakayezeeka," alisema Mbwana, akiwarushia kunguru kokoto.

Sikitu, mkewe, alisimama kando yake. Mimba yake hii ilikuwa ya tatu, na nyumba bado haikuwa na mtoto. Alishika tumbo, akamwinamia kila kasa aliyepita. "Pita, Takataka. Pita, Jaa. Nenda zako, Kifusi."

"Mbona unawatukana watoto wa watu?"

"Nakiambia kifo hapa hakuna cha kuchukua. Mama alizika wanne. Mimi akaniita si kitu, na nipo."

"Upo, na kelele zako."

Mbwana alikwisha kuchagua jina la mtoto, Johari. Kila akiliita tumboni, mkewe humziba mdomo.

Kasa wa mwisho alivuta mguu mmoja. Kunguru akasogea. Mbwana akapiga magoti katikati yao.

"Haya, Kikaango, twende," alinong'ona. Kisha akaligeukia tumbo la mkewe. "Na wewe, Gunzi, usiwe na haraka."

Sikitu hakumziba mdomo. Wimbi lilipanda, likamlowesha Mbwana magoti, likarudi na kasa aliyekuwa mbele yake.