Masikio ya Espoir

Sheria ni hii: mgeni akifukuzwa nchini, na kila programu aliyoiandika inafukuzwa. Espoir walimrudisha kwao Jumatatu. Alhamisi afisa wa uhamiaji akabisha hodi kwetu, amefuata masikio ya mama.

Espoir alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha uani. Programu ya mashine za masikio, zile zinazomwezesha mama kusikia, aliiandikia hapa hapa barazani, akaiacha wazi, yeyote duniani aichukue bure na kuirekebisha. Mama alikuwa akimpikia sombe, kisamvu cha kwao.

Afisa alichomeka waya kwenye mashine za mama, akaifuta programu. Mama akashtuka, kama mtu aliyezimiwa taa.

"Sasa nakuwekea ya serikali," afisa akasema. "Ila lazima useme mwenyewe kwamba umekubali."

"Unasemaje, mwanangu?"

Akarudia kwa sauti. Mama, aliyesoma midomo ya watu miaka yote kabla ya Espoir, alimkazia macho.

"Sikusikii. Aliyenipa masikio mmemfukuza."

Afisa akamwita jirani yetu, Mzee Kasongo, aje athibitishe kwamba mama anajifanya. Kasongo husikia hata panya wa darini. Alitoka na kiganja nyuma ya sikio.

"Eti unasemaje?"

Afisa akakusanya waya zake, akaondoka. Nilicheka mpaka machozi.

"Mama, ameenda," nikasema nyuma yake.

Hakugeuka. Nikazunguka mbele yake, nikarudia polepole aione midomo yangu.

"Aje na kesho," akajibu kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe.