Nakala Haipokelewi

Karatasi ilikuwa bado inanukia chai. Tarehe aliinusa kwa mara ya tano tangu asubuhi, akaipepea kwa daftari, akainusa tena. Chai ya rangi, hakuna ubishi. Akairudisha mezani chini ya kipande cha kioo, akaketi, akasimama, akaketi.

"Wewe nawe, tulia basi! Unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia," alisema mwenzake wa chumbani, aliyekuwa meza ya pili na redio ya shangazi yake.

Ilikuwa Siku ya Historia chuoni. Ukumbi ulijaa meza, na nyuma ya kila meza alikaa mwanafunzi mmoja wa idara na kitu kimoja cha zamani kutoka kwao: redio, pasi ya mkaa, kiatu cha askari kisicho na mwenzake. Sharti lilibandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: KITU HALISI TU. NAKALA HAIPOKELEWI. Mshindi angepata nafasi ya kazi ya mwaka mzima katika Nyumba ya Nyaraka, na nafasi yenyewe ilikuwa moja tu. Atakayekamatwa na kitu cha kughushi angefukuzwa chuo. Hilo nalo liliandikwa, kwa herufi ndogo.

Tarehe alipewa jina hilo darasani kwa kuwa hakuna tukio alilosahau siku yake. Nafasi ile aliitamani tangu sekondari, walipopelekwa matembezi Nyumba ya Nyaraka akaiona Barua ya Mfungwa, waraka mashuhuri kuliko zote pale, ndani ya kabati la kioo, kona zake kahawia, imekunjwa mara nne. Wenzake walipita wakimung'unya pipi. Yeye aliganda pale mpaka mwalimu akaja kumvuta mkono. Alitoka analia, na siku hiyo hiyo akakata shauri kusoma historia.

Barua yake mwenyewe nayo ilikuwa ya kweli. Yaani maneno. Baba yake Bibi, karani wa stesheni ya treni, alimwandikia mkewe: "Treni zinapita hapa kila siku, ila hakuna hata moja inayokuja huko uliko." Bibi alisomewa barua hiyo utotoni hadi ikamkaa, naye akamrithisha mjukuu. Karatasi iliozea sandukuni, paa lilipovuja. Basi Tarehe akachana ukurasa mtupu wa kitabu kikuukuu, akaandika kwa kalamu ya kuchovya, akauloweka kwenye chai, akaupiga pasi, huku picha ya Barua ya Mfungwa iko mbele yake asije akakosea rangi. Karatasi tu ndiyo ya uongo, alijiambia, na kila alipojiambia hivyo aliona aibu zaidi.

"Mke mwenzangu!"

Bibi alikuwa anakata katikati ya ukumbi na viatu vyake vya kwendea harusini, mkoba kwapani. Duniani kulikuwa na mtu mwingine mmoja tu aliyejua karatasi ya asili ilioza, na ndiye huyo anakuja.

"Bibi, si nilikwambia usijisumbue, kuna ngazi nyingi?"

"Ngazi nimezipanda. Nipe kiti."

Kiti kilikuwa hakijapatikana majaji walipofika. Mbele yao alikuwa Mkuu wa Nyaraka, mzee mwembamba, ncha za vidole vyake zimekuwa kahawia kama za mvuta sigara, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akivuta. Aliondoa kioo bila kuomba. Akaiinua karatasi kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye kona, kisha akainusa.

Tarehe alilisukuma daftari la kupepea chini ya meza.

"Imekaa muda gani?" aliuliza mzee.

"Miaka sabini na sita, mzee."

Mzee alimtazama kidogo, kisha akamgeukia Bibi. "Shikamoo, mama. Barua hii mliitunza wapi miaka yote hiyo?"

"Marahaba, baba. Kichwani."

Majaji waliangua kicheko. Mhadhiri wa idara alicheka mpaka akatoa leso. Mkuu wa Nyaraka hakucheka.

"Neno kwa neno?"

"Hata nukta sijaacha."

Mzee aliilaza karatasi taratibu mahali pake, akaandika kitu kwenye fomu, akamwambia Tarehe amfuate chumba cha pembeni. Peke yake.

Kilikuwa stoo ya viti. Hatua ishirini tu kutoka mezani, lakini Tarehe alizihesabu moja moja. Tayari alikuwa anawaza begi lipi litatosha vitabu vyake, na kwa mdomo gani atamweleza Bibi. Mzee akafunga mlango.

"Mzee, nisamehe," alianza kabla hajaulizwa. "Maneno ni ya kweli, naapa. Ila karatasi..."

"Karatasi ni nzuri." Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Jumatatu saa mbili uripoti kazini. Mwaka wa ishirini na saba huu natafuta mtu wa kumwachia, na macho yangu yamechoka."

Tarehe alivuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

"Barua ya Mfungwa iliisha kwa mchwa mwaka ule ule nilioajiriwa. Bahati nzuri nilikuwa nimeikariri," alisema mzee, akivitazama vidole vyake. "Mimi hutumia kahawa, lakini haidumu, ikipauka naanza upya. Sasa niambie ukweli: kwenye chai ilikaa muda gani?"