Mtumiaji Mwingine

Kwa mara ya tatu, fundi Shekue alijaribu kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi ya ardhi. Ikagoma tena: “Mtumiaji mwingine bado anafanya kazi. Mwombe atoke.”

“Mtumiaji gani?”

“Marehemu Kitwana,” alisema karani, Bi Rehani. “Tangu tumzike, sote tunaingia kwa jina lake. Ila kiti chake hatukikalii.”

Shekue akalifuta jina. Likarudi.

Bi Rehani akatengeneza ushungi, akagonga meza taratibu kama anayebisha hodi. “Mzee wangu, kazi umeifanya. Nenda kapumzike.”

Kiti kikasogea nyuma chenyewe. Bi Rehani akakigusa.

“Bado kina joto.”

Mashine ikamaliza, ikauliza jina la mtumiaji mpya. Wote wawili wakabaki wamesimama.