Chini ya Daraja

Lori lilisimama ghafla mbele ya daraja la mbao, njia ya Kilambo, na dereva akakataa katakata kuvuka. Mafuriko ya juzi yalikuwa yameitikisa nguzo moja. Nyuma, juu ya magunia ya korosho, mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa aliugulia. Hospitali ilikuwa Mtwara mjini.

Jasinto, aliyekuwa akilima kando ya mto, aliweka jembe chini, akasogea. Alikuwa amestaafu miezi mitatu tu iliyopita. Ujanani, katika chuo cha kijeshi, alifundishwa kulipua madaraja. Baada ya kuhitimu aliacha jeshi, akawa mhandisi wa kiraia, na kwa miaka thelathini na mitano akawa anayajenga. Hili lilikuwa lake la mwisho.

"Nimeikagua nguzo asubuhi. Vuka, mwanangu."

"Na likikatika, mzee?"

"Mimi nitakuwa chini yake."

Akavua viatu, akashuka mtoni mpaka maji yakamfika kiunoni, akabandika kiganja kwenye nguzo. Magurudumu yakapanda. Mchanga ukammwagikia kwenye upara. Chini ya kiganja chake mti ulitetemeka, ukatetemeka tena, kisha ukatulia.

Huko juu, ng'ambo, dereva alipiga honi mara tatu bila kusimama.