Mkunaji wa Nazi

Nyumba ya harusi ilifurika wanawake hadi uani, na kila mmoja alikuwa na la kumsema mwenzake. Sauda, binti wa miaka kumi na sita, alikuwa akipanga sahani pale moyo ulipoanza kumwenda mbio. Vidole vikafa ganzi, pumzi ikamkwama, akawa na hakika kwamba anakufa, papo hapo, katikati ya vicheko.

Safari iliyopita yalipomkuta haya mbele za watu, akina mama walimfukiza ubani wakamhoji jini wake anataka nini. Tangu hapo alijua pa kukimbilia. Aliikalia mbuzi ya kukunia, akashika kizio cha nazi, akaanza kukuna. Akizungusha, anavuta pumzi. Akizungusha tena, anaitoa.

“Mtazameni mkwe wangu,” alisema Bi Kidawa, mpishi mkuu. “Wenzake wanajipodoa, yeye yuko na kazi.”

“Mkwe wako tangu lini?” alidakia jirani yake. “Lile livivu lako litamweza huyu?”

Uani kote wakaangua kicheko. Sauda naye akatabasamu bila kuinua uso, jasho likimchuruzika mgongoni.

“Basi mwanangu, nazi zatosha,” alisema Bi Kidawa, akiinama kuchukua beseni. “Inuka ukale.”

Kifua kilikuwa hakijafunguka. Sauda akakishikilia kizio kile kile, sasa kifuu kitupu, akaendelea kukikuna, na unga wa kahawia ukaanza kudondokea juu ya nazi nyeupe. Bi Kidawa akabaki ameinama, mikono juu ya beseni, akiutazama.